Kwiri yangu (ombi ninaloiandikia databesi) inaleta watu wasiohusika, na nikibadilisha haileti mtu kabisa. Nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mhasibu kwenye saccos ndogo, kijana aliyetutengenezea databesi (ni MySQL) kaondoka kwahiyo saivi nimeachiwa mimi, najifunza huku nafanya. Bosi anataka wanachama wa Moshi na Arusha wenye deni zaidi ya laki moja, waliojitoa wasiwemo. Niliandika hivi:

SELECT jina, tawi, deni
FROM wanachama
WHERE tawi = 'Moshi' OR tawi = 'Arusha'
AND deni > 100000
AND hali <> 'amejitoa';

Inaniletea watu wa Moshi wasio na deni hata shilingi, mpaka waliojitoa kitambo wamo. Nikaweka AND badala ya OR, ikaleta patupu. Pia bosi anataka pembeni ya kila deni kuwe na neno kubwa, la kati au dogo, hiyo sijui hata naanzia wapi. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usijilaumu, hilo kosa nimelifanya mimi, wamelifanya walionifundisha, na kuna watu wana miaka kumi kwenye hii kazi bado linawapata ijumaa jioni wakiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nitakujibu kwa urefu kidogo maana kwenye hiyo kwiri yako kuna makosa mawili, moja umeliona na la pili bado hujaliona, na mi hilo la pili ndo linaniogopesha zaidi.

Tuanze na ulichokiona. AND na OR hazina nguvu sawa. Ni kama hesabu ya shule, 2 + 3 × 4 jibu ni 14 sio 20, kwa sababu kuzidisha kunatangulia hata kama kujumlisha kumeandikwa mwanzo. Kwenye SQL (hiyo lugha ya kuandikia kwiri) AND ndo kuzidisha, OR ndo kujumlisha, NOT inawatangulia wote wawili. Kwahiyo databesi ikisoma kwiri yako inaiona hivi:

WHERE tawi = 'Moshi'
OR (tawi = 'Arusha' AND deni > 100000 AND hali <> 'amejitoa')

Yaani mtu wa Moshi anapita mlangoni bila kuulizwa chochote, awe na deni asiwe nalo, awe kajitoa asijitoe, akishasema tu natoka Moshi basi kapita. Wa Arusha ndo wanasachiwa mifuko. Kule ulikoshuka mstari na kupanga vizuri databesi haioni, kwake nafasi na mstari mpya ni kitu kimoja, mabano tu ndo anayaelewa. Weka mabano:

WHERE (tawi = 'Moshi' OR tawi = 'Arusha')
AND deni > 100000
AND hali <> 'amejitoa'

au vizuri zaidi tumia IN, ambayo ni OR hiyohiyo imefungwa kwenye kifurushi kimoja kwahiyo haiwezi kuvujia jirani:

WHERE tawi IN ('Moshi', 'Arusha')

Sasa kwa nini ulipoweka AND ikaleta patupu? Hapa Kiswahili chetu ndo kinatuponza. Bosi kasema "wanachama wa Moshi NA Arusha", na wewe ukaandika AND kwa moyo mweupe. Lakini sharti la WHERE haliulizwi kundi zima, linaulizwa mstari mmoja mmoja. Databesi inamshika mwanachama wa kwanza inamuuliza, wewe tawi lako ni Moshi, na hapohapo tawi lako ni Arusha? Hakuna wa hivyo, kila mtu ana tawi moja, kwahiyo wote wanasema hapana. "Na" ya bosi ilikuwa ya kuorodhesha, kwenye kwiri inageuka kuwa AU. Nakushauri kabla hujaandika jiulize swali kana kwamba unamuuliza mtu mmoja aliyesimama mbele yako, "wewe ni wa Moshi au wa Arusha?", hapo OR inakuja yenyewe.

Kwenye kukataa mambo yanageuka tena. Siku bosi akitaka wasio wa Moshi na Arusha, wengi wanaandika tawi <> 'Moshi' OR tawi <> 'Arusha' na wanaletewa matawi yote, maana mtu wa Moshi naye si wa Arusha, kapita kwa upande wa pili. Hapa bahati nzuri tuna neno WALA. Si wa Moshi wala wa Arusha. Ukisikia wala kichwani mwako andika AND, au NOT IN ('Moshi', 'Arusha'), basi.

Kuna njia ya mkato nyingine nakuomba usiijaribu, ile ya kuandika tawi = 'Moshi' OR 'Arusha'. PostgreSQL (databesi nyingine kama MySQL) atakukatalia palepale, atakwambia 'Arusha' sio kweli wala uongo. MySQL ni mpole mno, anachukua lile neno anajaribu kuligeuza namba, linakuwa sifuri, sifuri ni uongo, kwahiyo anakuletea Moshi peke yake na onyo ambalo hakuna anayelisoma. Na kama matawi yako yangekuwa namba ukaandika tawi_id = 1 OR 2, hapo 2 si sifuri, ni kweli siku zote, unaletewa saccos nzima. Upole wa namna hii ndo unafanya mtu atume ripoti ya uongo akiwa na amani. Ndugu yake ni 100000 < deni < 500000, MySQL anapima kwanza 100000 < deni anapata 1 au 0, alafu anauliza je hiyo 1 au 0 ni chini ya laki tano, ndiyo, kila mtu anapita mpaka asiye na deni. Andika deni > 100000 AND deni < 500000, usione uvivu.

Haya, sasa lile la pili ambalo hujaliona.

hali <> 'amejitoa'. Inaonekana safi kabisa. Lakini fanya hivi kabla hujaendelea, hesabu waliojitoa, alafu hesabu wasiojitoa, alafu hesabu wote. Tuseme wote ni 412, waliojitoa 37, ukiandika hali <> 'amejitoa' unapata 298. Jumlisha 37 na 298 ni 335. Watu 77 wako wapi? Hawajafa, wako kwenye jedwali, ila kolamu yao ya hali ni NULL, haijajazwa. Nina wasiwasi mkubwa na kwako wapo, kwa sababu kolamu kama hizi huwa zinaongezwa baadae, wanachama wa zamani wanabaki hawana kitu, na mara nyingi hao wa zamani ndo wenye madeni ya maana!

NULL sio sifuri na sio neno tupu. Ifikirie kama bahasha iliyofungwa kwa gundi. Nikikuuliza ndani ya hii bahasha kumeandikwa 'amejitoa'? utasema sijui. Nikikuuliza je, HAKUJAANDIKWA 'amejitoa'? bado utasema sijui. Nikikupa bahasha mbili zilizofungwa nikuulize zinafanana ndani? sijui, ndo maana hata NULL = NULL jibu lake si ndiyo. Kwenye SQL majibu ni matatu, ndiyo, hapana na sijui, na WHERE anaruhusu ndiyo peke yake. Sijui anarudishwa mlangoni pamoja na hapana, kimyakimya, hakuna kosa wala onyo. Na usidhani ukiweka NOT mbele utamgeuza, kinyume cha sijui ni sijui.

Kwahiyo lazima useme wazi:

AND (hali <> 'amejitoa' OR hali IS NULL)

na mabano hapo ni lazima kwa sababu tulizoongea juu. Unaweza pia COALESCE(hali, 'hai') <> 'amejitoa', maana yake kama bahasha imefungwa tuchukulie ndani ni 'hai'. Mimi binafsi napenda ile ya kwanza, inasomeka na atakayekuja baada yako ataona ulimkumbuka NULL kwa makusudi. MySQL wana na alama yao <=> ambayo inalinganisha bila kuogopa bahasha, NOT (hali <=> 'amejitoa'), PostgreSQL wanaandika hali IS DISTINCT FROM 'amejitoa'. Usiandike hali = NULL hata siku moja, haitaleta mtu, ni IS NULL.

(Hii habari ya NULL wakubwa wenyewe waligombana sana. Codd, yule wa IBM aliyeleta wazo lote la majedwali mwaka 1970, kwenye kitabu chake cha 1990 akapendekeza ziwe bahasha za aina mbili, moja ya "ipo ila hatuijui" na nyingine ya "huyu haimhusu". SQL haikufuata, tukabaki na moja inayobeba yote. Ukiwa na kolamu ya jina la mwenza utaelewa alikuwa anawaza nini, NULL pale ni hajaoa au hajajaza fomu?)

Bahasha hiyohiyo inaua kwiri za NOT IN. Siku utatafuta wanachama ambao hawajawahi kumdhamini mtu, utaandika:

SELECT jina FROM wanachama
WHERE id NOT IN (SELECT mdhamini_id FROM mikopo);

Ikitokea mkopo mmoja tu kati ya maelfu hauna mdhamini, hiyo orodha ya ndani ina NULL, na jibu lote linakuwa sifuri. Sio pungufu, sifuri. Maana NOT IN ni "si wa 4 wala 9 wala ile bahasha", na kwenye bahasha jibu ni sijui, basi hakuna anayeweza kusema ndiyo mpaka mwisho. Tumia NOT EXISTS, yeye anauliza tu kama kuna mstari unaolingana au hakuna, bahasha haimsumbui:

SELECT w.jina FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mikopo m WHERE m.mdhamini_id = w.id);

Na kuna sehemu ya tatu inapojificha, kwenye LEFT JOIN (kuunganisha majedwali mawili huku la kushoto likibaki na mistari yake yote). Bosi akitaka wanachama wote na malipo yao ya mwezi wa tatu, ambao hawajalipa nao waonekane, utaunganisha wanachama na malipo kwa LEFT JOIN vizuri kabisa, alafu ukaweka tarehe ya malipo kwenye WHERE. Umeshaharibu. Asiyelipa kolamu zake za malipo zote ni NULL, tarehe yake ni bahasha, WHERE anamrudisha mlangoni, na wale hasa uliokuwa unawatafuta ndo wametoweka. Sharti la jedwali la kulia liweke kwenye ON:

FROM wanachama w
LEFT JOIN malipo p
ON p.mwanachama_id = w.id
AND p.tarehe >= '2024-03-01'
AND p.tarehe < '2024-04-01'

Umeona tarehe nilivyoandika, kuanzia mosi mpaka CHINI ya mosi ya mwezi unaofuata. Situmii BETWEEN kwenye tarehe zenye saa. BETWEEN inajumuisha ncha zote mbili ni kweli, lakini '2024-03-31' ikiwa ndani ya kolamu yenye saa inasomwa ni usiku wa manane, saa sita kamili tarehe 31 inapoanza, kwahiyo aliyelipa asubuhi tarehe 31 saa nne na robo hayumo. Na mwisho wa mwezi ndo watu wanapokea mishahara, ndo wanalipa! Ripoti yako itakosa siku yenye hela kuliko zote. Wengine wanaandika MONTH(p.tarehe) = 3, hiyo italeta na machi ya miaka yote, na hata ukiongeza YEAR mbele databesi kwa kawaida haiwezi tena kutumia indeksi ya tarehe (orodha yake ya kutafutia haraka), inapitia mstari kwa mstari. Kwa wanachama 400 hutasikia, kwa miamala laki kadhaa utaenda kunywa chai urudi.

Sasa maneno ya pembeni. Hiyo inaitwa CASE na ni ile ikiwa... basi... la sivyo ya kawaida:

CASE
WHEN deni IS NULL THEN 'haijajazwa'
WHEN deni > 1000000 THEN 'kubwa'
WHEN deni > 100000 THEN 'la kati'
WHEN deni > 0 THEN 'dogo'
ELSE 'hana deni'
END AS kiwango

CASE anasoma kutoka juu kushuka, sharti la kwanza likikubali anaishia hapo, haendelei. Ukianza na deni > 0 juu kabisa basi kila mwenye deni ni 'dogo', hata wa milioni tano. Na ona nimeweka NULL mwanzoni, bila hivyo bahasha zote zingeporomoka mpaka ELSE wakaandikwa 'hana deni', wakati ukweli ni kwamba hatujui deni lao. Mkaguzi akikukuta na hiyo mtaongea sana. Kuna umbo fupi la CASE hali WHEN 'hai' THEN ... ni zuri tu, ila ndani yake usiandike WHEN NULL, haitashika kamwe, ni ileile = NULL kwa mlango wa nyuma.

Alafu ukishaipa jina kiwango usiende kuandika WHERE kiwango = 'kubwa', itakwambia kolamu hiyo haijulikani. WHERE inafanya kazi kabla majina ya SELECT hayajazaliwa. Rudia sharti lenyewe, WHERE deni > 1000000.

Bosi akishaona hiyo kesho ataomba hesabu, wangapi wakubwa wangapi wadogo kwa kila tawi. Hapo wengi wanaandika COUNT(CASE WHEN deni > 1000000 THEN 1 ELSE 0 END) na kila tawi linatoa idadi ya wanachama wake wote, kwa sababu COUNT inahesabu chochote ambacho si NULL, na sifuri si NULL. Tumia SUM badala ya COUNT, au iache COUNT ila toa ELSE 0. Asiyeangukia WHEN yoyote anakuwa NULL, haesabiwi, kwa mara moja bahasha inakusaidia.

Lakini hiyohiyo ya kukosa ELSE kwenye UPDATE, ile ya kubadilisha data, ni balaa. Mimi miaka ile niko kwenye duka moja la jumla tulipandisha bei, sabuni kwa asilimia kumi, mafuta kwa tano. Nikaandika SET bei = CASE WHEN aina = 'sabuni' THEN bei * 1.10 WHEN aina = 'mafuta' THEN bei * 1.05 END, nikabonyeza, nikainuka nikaenda kula. Nimerudi nimekuta foleni mpaka nje, unga hauna bei, sukari haina bei, chumvi haina bei, kila kisicho sabuni wala mafuta kimekuwa NULL. Ilibidi niweke ELSE bei, maneno mawili tu yangeniokoa, au WHERE aina IN ('sabuni', 'mafuta') ili wengine wasiguswe kabisa. Bei tulizirudisha kwa kusoma risiti za jana yake moja moja mpaka saa tano usiku.

Kwahiyo kwenye UPDATE na DELETE andika kwanza SELECT yenye WHERE ileile uone nani wanatoka na wako wangapi, alafu anza na START TRANSACTION (mabadiliko yanasubiri mpaka uyathibitishe kwa COMMIT), idadi ikikushangaza unaandika ROLLBACK yanarudi nyuma (majedwali yako yawe ya aina ya InnoDB, yale ya aina ya MyISAM hayarudi nyuma). Na vitu vya kubadilisha vinatenganishwa kwa mkato, sio AND. SET deni = 0 AND hali = 'amelipa' MySQL anaipokea, anaisoma kuwa deni ni jibu la "0 na hali ni amelipa", ambalo ni 0. Deni linafutika, hali haibadiliki, na wewe unadhani kazi imeisha.

Kwa hiyo ya bosi wako tuma hii:

SELECT jina, tawi, deni,
CASE
WHEN deni > 1000000 THEN 'kubwa'
ELSE 'la kati'
END AS kiwango
FROM wanachama
WHERE tawi IN ('Moshi', 'Arusha')
AND deni > 100000
AND (hali <> 'amejitoa' OR hali IS NULL)
ORDER BY tawi, deni DESC;

Nimefupisha CASE maana kwenye orodha hii 'dogo' haiwezi kutokea, WHERE imeshawaondoa wote wa laki moja kushuka, na wenye deni NULL nao wametoka hapohapo. Kama bosi anawataka na wadogo basi alichokuomba mwanzo sicho, muulize kabla hujatuma. Na hao wa deni NULL wapige SELECT yao peke yake, jina na simu, uanze kuwapigia mmoja mmoja ukiwa na daftari la zamani mezani.